Jiko la Pili la Wamonaki

Karatasi ile ilipofunguliwa juu ya meza ya kukatia ilitoa sauti ya maandazi yanapotumbukia kwenye mafuta yaliyochemka: chaaa, kisha milio midogo midogo, kisha kimya. Mpaka leo naisikia vilevile. Nilikuwa kwenye cherehani yangu, mguu juu ya pedali, na sauti hiyo ikanitia njaa na furaha kwa wakati mmoja. Nikaacha pindo la watu katikati, nikaenda kuchungulia.

Hapo ilikuwa Yeoville, mtaa wa Johannesburg, ghorofani, juu ya saluni ambayo mashine zake za kukaushia nywele zilitupasha joto miguuni majira ya baridi. Duka ni la bosi wangu, fundi suti kutoka Lubumbashi, mtu anayeamini kwamba suruali isiyo na mstari wa pasi ni aina ya matusi. Mimi ni wa Uvira. Nililetwa Joburg nikiwa na miaka tisa, shule nikaishia darasa la tisa, ila kuota ndoto za mchana sijaacha. Bosi husema nikipewa cherehani isiyo na sindano sitagundua mpaka jioni.

Mwenye karatasi alikuwa bibi wa Kiingereza anayekaa Kensington, mtaa wa ng'ambo ya bonde letu, mwembamba, kofia ya sufu kichwani, fimbo mkononi. Maneno yake nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu aliyasema kwa Kiswahili. Ujana wake wote alifundisha wasichana kupika na kushona kusini mwa Tanzania, kabla marehemu mume wake hajamleta huku, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi kuliko hata suruali za bosi.

Mara ya kwanza alikuja kupunguza sketi. Nikamsalimia kama tunavyosalimiana kwetu: "Jambo, Mama." Alisimama mlangoni kama mtu anayesubiri chenji yake.

"Shikamoo umeiacha wapi?"

"Kwetu hatuna, Mama."

"Basi chukua yangu, ninazo nyingi. Na mimi ni Bibi, si Mama."

Toka hapo nikawa mjukuu.

Siku hiyo ya sketi alinikuta nakuza patroni, yaani karatasi ya kukatia nguo. Nilikuwa na patroni ya gauni la mtoto wa miaka sita, na mama mmoja wa kwaya, mwenye mwili wa baraka, alilitaka gauni lilelile kwa kipimo chake. Bibi alinisimamia akiwa ameinamisha kichwa upande, kama kuku anayemtazama mwewe angani, akauliza maswali mengi. Nitajuaje mkono usikue kuliko mwili? Kona nazikuza vipi? Nikamweleza, akaenda zake. Wiki iliyofuata akarudi na ile karatasi.

"Unaweza kukuza hii?"

"Ni nguo gani, Bibi?"

"Si nguo. Ni monasteri."

Bosi alitoa pini mdomoni. "Mama, sisi tunashonaka nguo. Hatushonake kanisa."

"Tunashona," Bibi akamsahihisha. "Halafu sikukuuliza wewe, Fundi. Nimemuuliza huyu mwenye mkono."

Bosi akanigeukia huku anacheka. "Ma fille, binti yangu, siku utashona kanisa, mimi nitavaa suruali ya lastiki."

Kwa mtu kama yeye, hicho ni kiapo kikubwa.

Bibi akakaa, akaweka vidole juu ya karatasi, akatusimulia. Zamani sana, kabla Wazungu hawajaonja hata kiazi, bwana mmoja mwenye mashamba katika kijiji alichokuja kuzaliwa Bibi aliogopa dhambi zake. Akawapa wamonaki wa Mtakatifu Benedikto kipande cha ardhi kando ya mto ili wamwombee. Walikuja wachache, kanzu zao nyeusi, na kwa kuwa nyumba ilikuwa ndogo hawakuwa na abate, ila mkubwa aliyeitwa priori. Walisali mchana kutwa na kuamka usiku kusali tena, walilima, walifuga samaki bwawani, na mgeni aliyebisha hodi walimpokea kana kwamba ni Kristo mwenyewe amekuja na mzigo wake. Waliishi hivyo mamia ya miaka. Kisha mfalme akagombana na Papa, akazifunga nyumba zote za namna hiyo. Watu wakapanda juu ya paa, wakabandua madini ya risasi yaliyoliezeka, wakayayeyusha. Mvua ikaingia. Mawe wakabeba wanakijiji, huyu kwa ajili ya daraja, yule kwa ajili ya ukuta.

"Kwetu tulikuwa na dirisha la kanisa kwenye banda la nguruwe," Bibi akasema. "Nguruwe wetu walichungulia nje kama maaskofu."

"Kumbe kubandua mapaa hakukuanzia Joburg," bosi akasema. Alikuwa amevuta kiti bila kujua.

Kilichobaki, Bibi akaendelea, ni matuta tu kwenye malisho ya kondoo. Alipokuwa mtoto, baba yake na rafiki zake walikuwa wanachimba pale kila Jumamosi kutafuta misingi, na yeye kazi yake ilikuwa kuwapelekea chai. Baba ndiye aliyeichora karatasi ile: kuta, milango, kila chumba na jina lake.

Kisha akatuambia kwa nini ameileta. Macho yake yalikuwa yamekufa katikati. Akikutazama usoni, uso wako ni shimo. Pembeni ndiko alikoona bado, hasa kitu cheupe juu ya cheusi, na daktari alishamwambia kwamba kabla ya Krismasi hata pembeni patafungwa. Ndiyo maana ya kuinamisha kichwa.

"Kusafiri siwezi tena," akasema. "Lakini nyuma ya kanisa letu kuna kiwanja, na majani yake yameungua juzi, ni cheusi tii. Ukinichorea pale kwa chokaa, kwa ukubwa wake wenyewe, nitaingia ndani na kutembea. Na kitakachoingia machoni safari hii ndicho nitakachokaa nacho gizani. Kwa hiyo nakuomba, kiwe chenyewe."

Nilisema ndiyo kabla bosi hajavuta pumzi.

Basi nikawa nashuka kwa miguu kupitia bonde la Bez Valley asubuhi mbili mfululizo, Alhamisi na Ijumaa, begani kamba niliyoifunga mafundo, kila fundo futi tatu. Kwenye kona ya ramani kulikuwa na mstari mdogo wa kipimo, na mtu aliyezoea kumgeuza mtoto wa miaka sita kuwa mama wa kwaya hawezi kushindwa na mstari mdogo wa kipimo. Bibi alikataa kuja kuona. Alisema hataki kuletewa nusunusu, anataka siku ya Jumamosi aingie mara moja kama mgeni.

Aliyenisaidia ni mtunzaji wa kanisa, baba mmoja Mzulu mwenye ndevu nyeupe, ambaye moto ule wa majani ulikuwa umemponyoka yeye mwenyewe, na sasa alifurahi kuona umegeuka kuwa na faida. Alinipa gunia la chokaa, akanionyesha jua linapochomoza, kwa sababu altare lazima itazame huko. Tukatembea, mimi na kamba, yeye na kopo lililotobolewa, tukimwaga ukuta baada ya ukuta. Viatu vyetu vikawa vyeusi, suruali zetu nyeupe.

Hapo ndipo nilipofanya lile kosa, na nililifanya kwa raha zote, nikijiona nina akili.

Fundi nguo hachori mtu mzima kwenye karatasi. Mwili una pande mbili zinazofanana, kwa hiyo tunachora nusu tu, na upande wa katikati tunaweka mstari uliokatikakatika. Mstari huo maana yake ni moja duniani kote: hapa ni mkunjo. Unakunja kitambaa mara mbili, unakata, unakunjua, gauni zima hilo hapo. Sasa karatasi ya baba yake Bibi ilikuwa na kanisa upande wa juu, na kusini mwake ua wa mraba wenye baraza pande zote nne, na kuzunguka ua huo chumba cha mkutano, bweni, chumba cha kulia, jiko, choo. Na juu kabisa, katikati ya kanisa kwa urefu, karatasi iliishia kwenye mstari. Mstari uliokatikakatika.

Sikuuliza hata. Nikakunjua.

Mtunzaji alipoona naanza upande wa kaskazini, akasimama na kopo lake. "Hau, sisi, bado?" "Sisi" kwa Kizulu ni dada.

"Bado nusu, Baba."

"Ua mwingine?"

"Ua mwingine."

"Na jiko tena?"

"Watu wa sala wanasikia njaa, Baba."

Tulipofika kwenye choo cha pili alicheka mpaka akakaa kwenye ukuta wa bweni. "Hawa mapadre wako, sisi, walikuwa wanakula nini?"

Ijumaa mchana nilipanda kwenye ngazi ya ukumbi wa kanisa nikakitazama kiwanja. Cheupe juu ya cheusi, kanisa katikati kama kiwiliwili, nyua mbili kama mikono iliyokunjuliwa. Lilikuwa gauni zuri kuliko yote niliyowahi kukata. Nilijiwazia wamonaki wakipita, kanzu zikigusa majivu, wa jiko la kulia wakiwaazima chumvi wa jiko la kushoto.

Jumamosi watu wa kanisa walialikwa saa nane. Bibi nilimleta saa sita, tuwe wawili tu.

Alinishika mkono juu ya kiwiko. Kwenye mlango wa magharibi akasimama, akainamisha kichwa kushoto, akakiinamisha kulia, nikaona midomo yake inacheza.

"Hodi," akasema.

Hakuna aliyejibu, kwa hiyo nikajibu mimi: "Karibu."

Tukaingia. Alitembea karibu na mstari wa kulia, ukuta wa kusini, kama mtu anayetembea nyumbani kwake taa zikiwa zimezimika. Hapa palikuwa na nguzo. Hapa ndipo alipoanguka akimkimbiza kondoo akiwa na miaka saba, chai yote ikamwagikia misingi ya karne nyingi. Tukapita mlango mdogo, tukaingia uani, tukazunguka baraza zote nne, na kwenye chumba cha kulia akanilazimisha tukae chini juu ya majivu ili wamonaki wasituone sisi ni wageni wasio na adabu. Jikoni alinusa. Naapa alinusa.

"Kondoo na vitunguu," akasema, na machozi yakawa yanamtoka huku anacheka. "Ah, mjukuu wangu. Umefanya. Umefanya kabisa."

Nilijisikia mrefu kama mnara wa Hillbrow.

Tukarudi kanisani. Akageuka aitazame altare, na kwa kugeuka vile jicho lake la kushoto, pembeni kule linakoona bado, likanasa weupe wa kaskazini.

"Kule kuna nini?"

"Upande wa pili, Bibi," nikasema kwa majivuno.

"Upande wa pili upi?"

"Ule wa kwenye mkunjo."

Mkono wake ukaachia kiwiko changu. Nikamweleza habari ya mstari uliokatikakatika, na kadiri nilivyoeleza ndivyo sauti yangu ilivyozidi kuwa ndogo, kwa maana nilianza kuuona uso wake.

"Ule haukuwa mkunjo," akasema. "Pale ndipo walipoishia kuchimba. Kulikuwa na barabara, na ng'ambo ya barabara nyumba za watu. Baba yangu aliomba ruhusa miaka yote, hakupewa. Alikufa bila kujua kuna nini chini ya barabara ile. Hakuna anayejua." Akavuta pumzi. "Na sasa mimi nitajuaje? Nikifumba macho naziona nyua mbili. Nilikuomba kiwe chenyewe, mwanangu. Huu weupe ndio wa mwisho kuingia humu kichwani."

Nilitamani ardhi inimeze, ila ardhi yenyewe ndiyo niliyoichorea uongo. Nikaomba msamaha kwa lugha zote ninazozijua. Nikamwambia nitafuta chote, sasa hivi, kwa mikono. Nikachuchumaa nianze na ukuta wa kaskazini wa kanisa, uliokuwa karibu.

Halafu mkono ukanisimamia hewani, sijui wazo lilitoka wapi. Nadhani lilitoka kwenye meza yetu ya kukatia.

"Bibi, huu ukuta pia niufute?"

"Wote. Hawakuuchimba."

"Lakini Bibi, hili ni kanisa. Hata mtu mwenye kiraka begani ana mabega mawili. Jiko sawa, jiko laweza kuwa moja. Ila kanisa litasimamaje na ukuta mmoja? Paa wangeliweka juu ya nini?"

Aliinamisha kichwa huku na huku, kuku na mwewe, ukuta wa kusini, ukuta wa kaskazini. Kisha akafanya kitu ambacho alikuwa hajakifanya tangu tuingie: akauacha mstari wa kulia, akahesabu hatua kwenda kushoto, mpaka akasimama katikati kabisa. Kule malishoni kwao, katikati hiyo ilikuwa chini ya barabara.

"Sijawahi kusimama hapa," akasema polepole. "Baba naye hakuwahi. Siku zote kwetu lilikuwa kanisa la pembeni." Upepo wa Agosti ulikuwa unapeperusha majivu juu ya viatu vyake na wala hakuvitazama. "Kanisa linakunjuka," akasema mwishowe. "Kanisa, ndiyo. Hilo nakupa. Ukuta huu uache."

"Na vingine?"

"Vingine ni uongo mtupu." Akanyoosha mkono anitafute, nikampa kiwiko. "Lakini nipeleke kwanza. Jiko la pili sijawahi kuliona."

Tukaenda. Alipita uani, akaingia jikoni kwangu, akanusa.

"Unasikia nini, Bibi?"

"Sombe," akasema, akikiita kisamvu kwa jina la kwetu. "Na samaki mkavu. Hawa wametoka kwenu."

Watu walipofika, nilitaka kuwahi kufuta, akakataa. Alisimama na fimbo yake mlangoni, akawaambia kwa sauti ya mwalimu: "Upande wa kulia ni wa wamonaki. Upande wa kushoto ni wa Yeoville. Mnakaribishwa kote, lakini msiniambie mmechanganya." Wakacheka, wakatawanyika kwenye vyumba. Akina mama walipanga sandwichi na chai kwenye jiko la Yeoville. Bibi aliwapitisha mmoja mmoja kwenye upande wa kweli, akiwasimulia habari za priori, samaki na mfalme.

Bosi alikuja amechelewa, suti ya rangi ya maziwa, viatu vya rangi mbili. Alisimama ukingoni mwa majivu kama mtu aliyefika mtoni bila mtumbwi.

"Lastiki iko wapi, Papa?" nikamwuliza.

"Mais, lakini hili kanisa halina hata kifungo," akasema. Ila alikunja suruali yake nzuri mpaka kwenye magoti, akaingia, akafika mpaka altareni, akavua kofia. Alipotoka alikuwa mweusi mpaka kwenye soksi na hakunung'unika. Aliniambia tu: "Mabega yamekaa sawa." Kwa bosi, hiyo ni sifa anayoitoa mara moja kwa mwaka.

Jua lilipoinama, kijana wa kanisa akaleta gari lake kumrudisha Bibi nyumbani. Kabla hajapanda alinivuta karibu.

"Jumatatu asubuhi nitakuja tena, nikiwa peke yangu. Nataka kuizunguka mpaka mvua za kwanza, kila siku, mpaka niijue kwa miguu. Utakuwa umeitengeneza?"

"Nitakuwa nimeitengeneza, Bibi."

"Ukuta wa kaskazini?"

"Nauacha."

"Basi marahaba," akasema, ingawa sikuwa nimemwamkia.

Watu wakaondoka na vikombe vyao. Mtunzaji akaniachia ufagio na ufunguo wa geti, akaenda kunywa chai kwake. Nikabaki peke yangu kwenye kile kiwanja, kanisa katikati, kwao Bibi huku na kwetu kule, na taa za robot, zile za kuongozea magari, kule barabarani zikibadilika rangi bila gari lolote kusimama. Nikavua viatu nisiache alama za soli. Nikaufunga ufagio vizuri kwa kamba yangu, nikaenda kaskazini, nikaanza kufagia majivu juu ya chokaa, mstari kwa mstari, nikirudi kinyumenyume. Nilianza na choo. Jiko nililiacha la mwisho, nikakaa ndani yake kidogo, nikala sandwichi moja iliyobaki, kisha nikasimama nikalifagia nalo.